Akeri: Kanisa Lililotanguliwa na Damu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na ndivyo tulivyolelewa sisi wa pwani, kwamba apigaye hodi huja na kheri yake, na mwenye nyumba hupata nafuu kwa ajili yake. Lakini zimewahi kutokea siku ambapo mgeni alikuja na mwenyeji asipone, wala mgeni mwenyewe asipone. Siku moja ya namna hiyo ilipambazuka tarehe 20 Oktoba 1896, mahali paitwapo Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Na juu ya damu ya siku hiyo likaja kusimama kanisa la Kilutheri la watu wa shamba, ambalo kisa chake ndicho ninachotaka kukusimulia leo, ndugu msomaji.

Najua wapo watakaouliza: "Huyu naye, mtoto wa chuoni aliyechapwa bakora kwa kukosea juzuu ya Amma, ana nini na makanisa ya bara?" Jawabu langu ni fupi. Anayetaka kujijua na amjue jirani yake. Tena, kisa hiki si cha bara peke yake. Njia iliyowafikisha Walutheri Meru ilipitia mlangoni mwetu Mombasa, na mambo yaliyowasibu watu wa Meru mwaka ule yalikuwa ndugu wa mambo yaliyowasibu babu zetu. Basi nisikilize mpaka mwisho, kisha utahukumu.

Tuanze na njia hiyo. Mwaka 1844 alishuka Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na mwaka 1846 akafuatiwa na mwenziwe Johannes Rebmann, wakajenga kituo chao Rabai. Wote wawili walitumwa na chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, lakini kwa kuzaliwa na kulelewa walikuwa Walutheri wa Württemberg, huko kusini ya Ujerumani. Krapf alipoanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Na Rebmann alipouona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, theluji ikimeremeta kileleni, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wetu wa pwani aliyezijua njia za bara. Naam, macho yaliyoona yalikuwa ya Mzungu, lakini miguu iliyoongoza ilikuwa yetu.

Baada ya miaka arubaini hivi, Walutheri wengine kutoka Bavaria wakaja na kufungua kituo Jimba, si mbali na Rabai, wakiwa na nia ya kuwafikia Wakamba. Kazi yao ikaja kutwaliwa na chama kikubwa zaidi, Misheni ya Leipzig, kilichoasisiwa mwaka 1836 na ambacho tayari kilikuwa na makanisa huko Bara Hindi miongoni mwa Watamili. Leipzig walikuwa na hamu ya Kilimanjaro, kwa sababu mlima ule ulikuwa umeingia katika fungu la Wajerumani, na wamisionari Waingereza waliokuwako Moshi tangu mwaka 1885 walilazimika kuondoka mwaka 1892, baada ya vita baina ya askari wa Kijerumani na Mangi Meli. Mwaka 1893 watu wa Leipzig wakafika Machame, wakapokewa na Mangi Shangali. Mwaka 1894 wakafungua Mamba. Kisha wakaelekeza macho magharibi, ng'ambo ya uwanda, kwenye mlima wa pili: Meru.

Meru ni nchi nzuri. Nilipopita huko kwa basi la Moshi kwenda Arusha, niliona migomba imefungamana mpaka jua halipati mwanya wa kupenya, mito midogo imeshuka kutoka msituni kama nyuzi za fedha, na kahawa imepandwa chini ya kivuli. Wakazi wake wa upande wa mashariki ni Wameru, ambao wenyewe hujiita Varwa, na lugha yao iko karibu sana na Kichagga cha Machame. Majirani zao wa magharibi ni Waarusha, wakulima wasemao Kimaasai. Makabila haya mawili yalikuwa yamepigana zamani, kisha yakaja kupatana, vijana wao wakaingia katika rika moja la mashujaa. Rika lililokuwa na nguvu wakati ule liliitwa Talala.

Mwaka 1896 si mwaka mgeni kwetu. Ndio mwaka ambao Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi, baada ya kupigana na Waingereza na kuchomewa vijiji, alivuka mpaka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani. Akafa ugenini Dar es Salaam mwaka 1910. Ndio mwaka ambao manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Unguja, tarehe 27 Agosti. Na haikuwa imepita miaka saba tangu Wajerumani wamtie kitanzini Abushiri bin Salim kule Pangani, Desemba 1889. Pwani nzima ilikuwa imekwisha kujua ladha ya baruti. Huko bara ladha hiyo ilikuwa ndio kwanza inaonjwa, tena baada ya mambo mengine mazito: mwanzoni mwa miaka ile ya 1890 sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wa nchi nzima, na ndui na njaa zikafuatia. Watu walikuwa wameumia, na mtu aliyeumia hushtuka upesi.

Ndipo mwezi wa Oktoba wakaja Meru vijana wawili wa Misheni ya Leipzig. Mmoja aliitwa Ewald Ovir, wa Estonia. Mwenziwe Karl Segebrock, wa Latvia. Nchi zote mbili zilikuwa wakati huo chini ya Dola ya Urusi, kwa hiyo hata wao walitoka katika watu waliotawaliwa na wengine. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Waliandamana na Wachagga kutoka Kilimanjaro, wakafikia kwa Mangi Matunda wa Meru, ambaye aliwapokea na kuwaachia mahali pa kukaa hapo Akeri. Wakapiga hema. Hawakuwa wamejenga hata ukuta mmoja.

Lau mambo yangekomea hapo, pengine kisa kingekuwa kingine. Lakini karibu na hema hizo zilikuwako hema nyingine. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha kijeshi cha Moshi, alikuwa amepiga kambi jirani pamoja na askari wake na Wachagga wenye silaha. Johannes alitaka kuitia Arusha na Meru chini ya mkono wa serikali ya Kijerumani. Kambi hizo mbili, ya Injili na ya bunduki, zikawa zinasikilizana sauti. Hebu jiweke mahali pa kijana wa Talala aliyetazama kutoka kilimani. Anaona Wazungu huku na Wazungu kule, ngozi moja, lugha moja, na Wachagga ambao ni mahasimu zake wa zamani wamo katika kambi zote mbili. Nani wa kumweleza kwamba hawa wamekuja kuhubiri na wale wamekuja kutawala?

Usiku wa kuamkia tarehe 20, mashujaa wa Arusha na Meru wakashuka. Waliwaua Ovir na Segebrock na Wachagga waliokuwa pamoja nao, kisha wakaivamia kambi ya Johannes. Huko walikutana na risasi, wakarudishwa nyuma. Kulipokucha, Akeri palikuwa na maiti za wageni na maiti za wenyeji.

Simwoni kuwa na haki mtu anayewaua wageni waliopokewa na mkubwa wa nchi. Mgeni aliyekwisha kupewa amani ana haramu yake, katika dini yetu na katika mila za watu wengi wa Afrika. Waama vijana wale wawili hawakushika bunduki dhidi ya mtu. Lakini mwenye akili na aulize pia: nani aliyeleta bunduki karibu na msafara wao? Mwenye kuhubiri akikaa kivulini mwa mwenye kutawala, kivuli kile humfunika hata uso wake usionekane.

Kilichofuata kilikuwa kisasi. Johannes alirudi mwishoni mwa mwezi huo huo na jeshi kubwa, askari wake wakisaidiwa na maelfu ya Wachagga waliokuwa na hesabu zao za zamani na watu wa Meru. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, mifugo ikaswagwa kwa maelfu kupelekwa Kilimanjaro. Waliokufa katika mashambulio hayo walikuwa wengi kuliko wale waliokufa usiku wa Akeri. Wala haikuwa mwisho. Wajerumani wakajenga boma Arusha kwa kazi ya shokoa ya wenyeji, na tarehe 2 Machi 1900, kule Moshi, wakamnyonga Mangi Meli pamoja na wakuu wengine kadhaa wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Sisi tuliosoma habari za Pangani tunaijua hadithi hii; majina ya miji tu ndiyo yaliyobadilika.

Sasa, ndugu msomaji, angalia. Baada ya hayo yote, ungetaraji kwamba dini ya wageni wale isingepata mahali pa kuweka unyayo Meru mpaka siku ya kiyama. Na pengine isingepata, kama ingerudi kwa namna ile ile ya kwanza. Lakini mwaka 1902 Misheni ya Leipzig ilirudi. Safari hii hawakuanzia Akeri penye makaburi. Walipanda juu zaidi, mahali paitwapo Nkoaranga, na mmisionari Arno Krause akafanya maskani yake huko. Ni kweli kwamba boma la Arusha lilikuwa limesimama na kila mtu alijua nguvu ziko wapi. Hata hivyo hapakuwa tena na hema ya askari kando ya hema ya mhubiri. Palikuwa na nyumba, bustani, dawa za vidonda, na darasa la kufundishia watoto kusoma.

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu habari za makanisa ya bara mara nyingi huandikwa kana kwamba Mzungu alisema na Mwafrika akaitikia. Haikuwa hivyo. Kule Meru, kama Kilimanjaro, kazi kubwa ilifanywa na walimu wa Kiafrika. Wa kwanza walikuwa Wachagga waliobatizwa huko kwao, ambao kwa ule ukaribu wa lugha waliweza kusikizana na Wameru bila mkalimani. Fikiri jambo hili lilivyo la ajabu: miaka sita tu nyuma, Wachagga walikuja Meru wakiwa nyuma ya Johannes, wakachoma na kuswaga. Sasa wakaja Wachagga wengine na ubao na chaki. Aliyechukuliwa ng'ombe na kaka mtu anafundishwa herufi na mdogo mtu. Basi haikushangaza kwamba watu walikuja kwa tahadhari, mmoja mmoja, na kwa miaka mingi Wakristo walikuwa kikundi kidogo tu katika nchi.

Lakini subira huvuta heri. Vijana waliojua kusoma wakaanza kuwasomea wazee barua za serikali. Waliopona vidonda wakawaleta ndugu zao. Wengine wakajifunza kupanda kahawa wakapata senti za kulipia kodi bila kwenda kutumikia mashamba ya walowezi. Kutoka Nkoaranga zikatoka shule ndogo ndogo za vijijini, kila moja na mwalimu wake, na shule hiyo hiyo Jumapili hugeuka kanisa: paa la majani, viti vya magogo, na kengele ya kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Ndivyo kanisa la shamba linavyozaliwa. Linaanza kwa watu kumi, ishirini, wanaojuana majina na wanaojua nani hakuja na kwa nini. Sisi tuliosali katika misikiti midogo ya makuti huko Kwale na Kilifi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kisha ikaja mitihani iliyothibitisha kanisa lile ni la nani. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha. Kufika mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wamefukuzwa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Walutheri wa Kimarekani wa sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lote lile; watu wa Leipzig nao hawakuruhusiwa kurejea mpaka katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1939 vikaanza vita vya pili, na Wajerumani wakawekwa kizuizini tena. Mara mbili mchungaji mgeni aliondolewa, na mara mbili makanisa ya vijijini hayakufa. Walimu walifungua milango Jumapili kama kawaida, wakafundisha, wakazika, wakasuluhisha. Kama kanisa lingekuwa ni la Mzungu, lingefungwa siku aliyopandishwa meli.

Nami kwa kuwa ni mtu wa lugha, siwezi kupita hapa bila kugusa suala la maneno. Wamisionari wengi wa Leipzig walipenda kuhubiri kwa lugha ya mahali, na Kiswahili wakakitazama kwa jicho la shaka, wakikiona ni lugha ya pwani, ya serikali na ya Uislamu. Hata Kiswahili kilipokubaliwa, alitokea Mjerumani Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari Usambara, akatafsiri Agano Jipya lililochapishwa mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, na akajitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Kuhani akamwita mtambikaji. Nabii akamwita mfumbuaji. Ni kazi ya mtu msomi, na Walutheri wengi wa kaskazini ya Tanganyika waliisoma kwa miaka mingi. Lakini lugha ni kama maji ya mto, huwezi kuyachuja yakiwa njiani. Ingia leo katika kanisa lolote la shamba huko Meru uyasikilize maneno yao: imani, dhambi, sadaka, ibada, baraka, Injili. Hata msalaba wenyewe jina lake lina mzizi wa Kiarabu! Yalipanda mlima pamoja na misafara, yakakaa, na hakuna aliyeweza kuyashusha. Sisemi hivi kwa kuringa. Nasema ili tujue kwamba tumekwisha kuingia katika nyumba za wenzetu bila kupiga hodi, nao wametukaribisha.

Tuje kwenye mtihani mkubwa zaidi, nao ni wa ardhi. Tangu enzi za Wajerumani, ardhi nzuri ya chini ya Mlima Meru iligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini mnamo mwaka 1904 na baadaye. Mashamba yao yakauzunguka mlima kama pete, Wameru wakabaki wamebanwa kati ya pete hiyo na msitu. Waingereza walipotwaa nchi, pete haikufunguliwa. Kaskazini mashariki ya mlima, Engare Nanyuki, Wameru walikuwa na malisho na mashamba, na sehemu yake walikuwa wameinunua tena kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1947 ikatoka ripoti ya Jaji Wilson iliyopendekeza mipaka ya ardhi katika sehemu hizo ipangwe upya, na serikali ikaamua kuwatoa Wameru Engare Nanyuki ili eneo lote liwe la Wazungu.

Walikataa. Mwezi wa Novemba 1951 polisi wakaja, watu wapatao 3,000 wakatolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Serikali iliwatengea mahali pengine na fidia. Fidia wakaikataa.

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usimame kidogo ukumbuke usiku wa Akeri. Mwaka 1896 vijana wa mlima huo walipohisi wanataka kunyang'anywa nchi walishika mikuki. Mwaka 1951 wajukuu zao walinyang'anywa kweli, mchana kweupe, na hakuna mkuki uliorushwa. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, mwana wa Meru, pamoja na wakili Earle Seaton mzaliwa wa Bermuda, mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akawaeleza wakubwa wa dunia habari za moto wa Engare Nanyuki. Hakupata alichokiomba, kwani katika Baraza Kuu azimio lililowaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili za kura. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kutoka. Watanganyika wengi walijifunza kwamba utawala wa Mwingereza unaweza kushtakiwa, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kesi ya Meru ilikuwa midomoni mwa watu.

Sitasema kwamba kanisa ndilo lililofanya hayo. Waliofanya ni Wameru wote, wabatizwa na wasiobatizwa. Lakini herufi zilizoandika hati zile zilifunzwa wapi, kama si katika zile shule za paa la majani? Misheni ilikuja na herufi ili watu wasome Injili. Watu wakaisoma, kisha kwa herufi zile zile wakaidai ardhi yao. Mpanda mbegu hachagui ndege gani atue kwenye mti.

Yaliyobaki ni ya jana na juzi. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo leo ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Wameru kwa muda mrefu walikuwa chini ya dayosisi yenye makao yake Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukazuka mgogoro mkali juu ya wao kuwa na dayosisi yao, mgogoro uliogawanya vijiji na hata watoto wa baba mmoja. Mwaka 1992 Dayosisi ya Meru ikaanzishwa. Watu hawagombani hivyo kwa kitu cha kuazima, hugombania chao.

Makaburi ya Ovir na Segebrock yako Akeri, na wale ambao babu zao waliwaua ndio wanaoyatunza. Nilipokuwa huko mzee mmoja aliniona na kofia yangu ya vito, akaniamkia kwa heshima, kisha akaniuliza, "Shehe, umepotea njia? Msikiti uko kule barabarani."

Nikamwambia, "Sikupotea, mzee wangu. Nimekuja kutazama walipolala wageni."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi karibu chai, maana na wewe ni mgeni." Tukanywa chai kwa ndizi za kuchoma, akanionyesha kwa kidole upande zilikokuwa hema. Hakuwatukana waliokufa wala hakuwatukana walioua. Alisema tu kwamba wote walikuwa watoto wa watu.

Na sisi wa pwani tuna letu la kujifunza. Kitabu chetu kimetufundisha kwamba dini haina kulazimishana, na tunajivunia, kwa haki, kwamba Uislamu uliingia bara kwa mikono ya wafanyabiashara na masharifu, si kwa mizinga. Lakini tuseme kweli ijapokuwa chungu: misafara ile iliyobeba msahafu ndiyo iliyobeba pia pembe na minyororo, na wapo watu wa bara ambao mpaka leo wakisikia jina letu hukumbuka minyororo kwanza. Dini ikisafiri na nguvu, au na tamaa, huandikiwa deni. Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Hulipwa kama lilivyolipwa Nkoaranga, kwa kurudi bila silaha, kukaa, kufundisha, kutibu, na kuwaachia wenyeji nyumba iwe yao.

Nimalizie kwa beti mbili, kama ilivyo ada yetu:

Mgeni njoo kwa jua, usinijie usiku,
Mlango nitafungua, nikuchinjie na kuku,
Silaha ukichukua, sikuweki hata siku,
Dini haina bunduki, ina subira na haki.

Na neno ukilijua, lifunze huku na huku,
Kwa upole huchanua, hukua siku kwa siku,
Na aliye na murua hushinda mwenye shauku,
Dini haina bunduki, ina subira na haki.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujirani mwema. Wasalaam.